Jicho Hupokea: Namna ya Kuwafundisha Watoto wa Soin Habari za Mwanga



Mwombe mtoto wa gredi ya nne achore jinsi anavyouona mlima ulio mbele yake. Mpe karatasi na penseli, usimwambie lolote zaidi. Atachora jicho, atachora mlima, na katikati atapitisha mstari. Sasa mwambie aweke mshale kwenye mstari huo. Watoto wengi watauelekeza mlimani: umetoka jichoni, umekwenda kuugusa mlima. Ukimuuliza sababu, atakujibu bila wasiwasi kwamba jicho ndilo linaloona, kwa hiyo jicho ndilo linalofanya kazi, na mwenye kazi ndiye anayetoka kuifuata.

Mtoto huyu ana wenzake, tena wakubwa. Euclid na Ptolemy, mabingwa wa hisabati wa Aleksandria, waliandika kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kuvifikia vitu, na wazo hilo likadumu zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 2002 Gerald Winer na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa chuo kikuu, watu wazima waliokwisha kusomeshwa sayansi, bado waliamini kuna kitu kinachotoka jichoni mtu anapotazama. Walifundishwa, wakafaulu, na mshale wao haukusogea.

Ninalotaka kulisema leo ni hili: mshale huo usipogeuzwa kwanza, mengine yote tunayomfundisha mtoto kuhusu mwanga hukaa juu juu. Atakariri kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, atakariri kilomita 300,000 kwa sekunde, atapewa alama zake, na akirudi nyumbani bado ataamini kwamba macho yake hufika mlimani. Vifaa vya kuugeuza mshale huo viko hapa hapa Soin, kaunti ya Kericho: kwenye paa la jikoni, kwenye zizi, kwenye bucha.

Aliyeugeuza mbele ya ulimwengu ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi yake kubwa Kairo, ambako aliandika Kitab al-Manazir, vitabu saba kuhusu kuona. Moja ya hoja zake yaweza kujadiliwa na mtoto wa miaka tisa. Mtu akilitazama jua, jicho huuma. Kama jicho ndilo linalotoa, kinachoumiza kimetoka wapi? Waacheni watoto wabishane juu ya swali hilo kwa lugha yetu ya Kipsigis ikibidi, kabla hamjaandika neno lolote ubaoni. Kisha waongezeeni nyota. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, iko mbali kiasi kwamba mwanga wake husafiri zaidi ya miaka minane na nusu ndipo utufikie. Mtoto wa miaka tisa anayeitazama leo anapokea mwanga ulioanza safari yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Lakini akifumba macho na kuyafumbua, anaiona papo hapo. Jicho lake lingekuwa limeifikia saa ngapi?

Hata hivyo mtoto wa Soin ana ushahidi wake, na ni ushahidi wa kuheshimiwa. Atanyosha mkono aseme: "Mwalimu, mbona macho ya ng'ombe yanawaka usiku?" Ameyaona mwenyewe alipotumwa zizini na tochi, macho mawili ya kijani kibichi gizani. Paka pia. Mwalimu akimnyamazisha hapo, somo limekwisha. Ampe kazi ya kwenda kufanya jioni hiyohiyo akiwa na ndugu yake. Kwanza wasimame mbele ya zizi tochi ikiwa imezimwa, wangoje. Hakuna jicho litakalowaka. Kisha mmoja aishike tochi iliyowashwa kando ya kichwa chake, karibu na sikio, na amwangalie ng'ombe: macho yanawaka. Mwishowe tochi apewe ndugu, asimame hatua nyingi kando, ammulike ng'ombe yuleyule kutoka hapo. Wa kwanza, aliyebaki bila tochi, ataona macho yamezima, ilhali ndugu yake anaapa kwamba bado yanawaka. Mtoto akirudi shuleni na habari hiyo, amekwisha kuelewa nusu ya jambo: mwanga ule ulikuwa wa tochi, ukaingia jichoni mwa ng'ombe, ukarudi kule ulikotoka. Nusu ya pili tutaikuta buchani.

Kwanza tulishughulikie giza. Watoto wengi hufikiri kwamba katika giza totoro macho yakizoea yataona tu. Wana sababu ya kufikiri hivyo, kwa kuwa usiku wa kwetu una nyota, una mwezi, una koroboi ya jirani, na giza lisilo na mwanga kabisa hawajawahi kukaa ndani yake. Kwa hiyo chukueni boksi la viatu. Toboeni tundu dogo upande mmoja, la kuchungulia, na kwenye kifuniko mkate kidirisha kinachofungwa na kufunguliwa. Wekeni jiwe ndani. Mtoto abandike jicho kwenye tundu, kidirisha kikiwa kimefungwa vizuri. Haoni kitu. Aendelee kuchungulia hadi achoke. Bado haoni kitu. Sasa mwenzake afungue kidirisha, na jiwe linatokea. Mwulizeni mwanga umeingilia wapi. Umeingilia juu, ukagonga jiwe, ukaja kwenye tundu alipo. Mpeni penseli yake tena achore boksi na mishale. Nimewaona watoto wakichora mshale wa kwanza kwa haraka, kisha penseli ikasimama kwenye jiwe, na baada ya kimya kidogo ikaendelea kuelekea jichoni. Kimya hicho ndicho somo, na mwalimu asiwe na haraka ya kukijaza kwa maneno yake.

Tuingie jikoni. Nyumba za mabati za kwetu zina matundu ya misumari iliyong'olewa. Mchana, mwali mwembamba hushuka kutoka kila tundu, na moshi wa kuni huuonyesha njia yake yote, umenyooka. Hapo hakuna haja ya kukariri kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Lakini mtazame sakafuni. Tundu la msumari lina pembe, limechanika, lina umbo lolote. Doa la mwanga chini yake ni duara. Matundu kumi ya maumbo kumi hutoa maduara kumi. Kwa nini?

Kwa sababu duara hilo ni picha ya jua. Kila sehemu ya jua hupeleka mwanga wake kupitia tunduni, na mistari hiyo hukutana pale na kupishana, wa juu ukaenda chini, wa kushoto ukaenda kulia. Tarehe 3 Novemba 2013, jioni ile mwezi ulipolipita jua na kulifunika kabisa kwa sekunde chache kule Turkana na kaskazini mwa Uganda, hapa kwetu ulilifunika sehemu kubwa. Maduara yote yaliyopenya kwenye nyufa na matundu siku hiyo yaligeuka kuwa hilali. Yeyote aliyetazama ukuta wake alilitazama jua kwa usalama. Aliyelitazama kwa macho makavu alijihatarisha, kwa kuwa retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, haina neva za maumivu, na huungua bila kumwambia mwenyewe. Mtoto aambiwe hivyo waziwazi kabla ya somo lolote la jua.

Duara lile lina jambo jingine, ambalo ningependa kila mtoto wa sekondari msingi alifanye mara moja maishani. Shikeni karatasi chini ya tundu, ielekezwe juani ili duara lisirefuke. Pimeni umbali kutoka tunduni hadi karatasi. Pimeni upana wa duara, mtoe upana wa tundu. Ikiwa umbali ni mita tatu, duara litakuwa na upana wa karibu sentimita 2.8. Gawanyeni: umbali ni kama mara 107 ya upana. Jua lenyewe liko umbali wa kilomita milioni 150. Zigawanyeni kwa 107 hiyo na mtapata karibu kilomita milioni 1.4, na huo ndio upana wa jua, dunia zaidi ya mia moja zikipangwa bega kwa bega. Mtoto amelipima jua akiwa jikoni kwa mamake, kwa rula. Sioni kwa nini tumfundishe kipimo hicho kwa kumsomea kitabuni.

Sasa bucha. Agizeni asubuhi mapema jicho la ng'ombe aliyekaguliwa na mkaguzi wa nyama, kwa maana likikaa hadi mchana uwazi wake wa mbele huingia ukungu. Waulizeni wazazi kwanza, wapo wasiopenda. Wembe aushike mwalimu peke yake, watoto wavae glavu, na wote wanawe kwa sabuni.

Jicho zima la ng'ombe huushangaza mkono kwa uzito wake. Nyeupe ya nje ni ngumu, wembe huisumbukia. Ukiipasua, maji maangavu hutoka mbele, na nyuma ya konea, ule uwazi wa mbele, linaonekana pazia jeusi lenye mwanya mrefu uliolala: hiyo ndiyo mboni ya ng'ombe, iliyolala kwa upana ili aone uwanda wote akiwa anakula nyasi. Watoto wa kwetu wameiona maisha yao yote, na sasa wanajua kwamba ni tundu. Nyuma yake kuna lenzi. Itoeni taratibu, muiweke juu ya ukurasa wa gazeti la Taifa Leo, na herufi zilizo chini yake zitakua. Acheni lenzi ipite kwa kila mtoto hata kama kipindi kitakwisha. Ndani zaidi kuna rojo lililo kama ute wa yai, linalolijaza jicho na kulishikilia umbo. Likitolewa, inabaki retina: utando mwembamba kabisa, unaoteleza na kukunjamana ukiguswa. Mtoto akiuvuta kwa kibanio utafuata wote, isipokuwa mahali pamoja panapokataa. Hapo ndipo neva inapotokea kwenda kwenye ubongo.

Na nyuma ya retina, kitu ambacho watoto hukipigia kelele: ngozi ing'aayo bluu na kijani, yenye rangi za kubadilika kila ukiigeuza. Hiyo ndiyo iliyowaka zizini. Mwanga uliopita kwenye retina bila kunaswa huigonga ngozi hii, ukarudishwa upite mara ya pili, na ng'ombe akafaidika na mwanga hafifu wa usiku mara mbili. Sisi binadamu hatuna ngozi hiyo. Mtoto aliyenyosha mkono siku ya kwanza aitwe mbele aieleze yeye.

Mwaka 1637 René Descartes alieleza jinsi ya kuondoa nyama ya nyuma ya jicho la ng'ombe na kuweka hapo kitu chembamba kinachopitisha mwanga, hata picha ya vitu vya nje ikaonekana imepinduka kichwa chini. Jambo hilo huwatisha watoto kidogo, na maduara ya jikoni huwatuliza: wamekwisha kuona kwamba mistari inayopita tunduni hupishana. Kuielewa picha iliyopinduka ni kazi ya ubongo, ambao haukai ukiitazama picha kama mtu atazamavyo televisheni. Unapokea ishara na kujua kilicho juu na kilicho chini kwa mazoea ya mwili mzima.

Pale retina inapokataa kung'oka napo pana somo lake. Palipo na neva hapana seli za kupokea mwanga, na Mfaransa Edme Mariotte alionyesha katika miaka ya 1660 kwamba kila jicho lina doa lake pofu hapo. Choreni msalaba, na kulia kwake, sentimita nane, choreni nukta. Mtoto afumbe jicho la kushoto, aukazie msalaba jicho la kulia, kisha aisogeze karatasi polepole. Kwenye umbali wa karibu sentimita 30, nukta hupotea. Wawili wawili, pia, watazamane mbonini: mmoja aufunike uso kwa viganja kwa muda, aviondoe kwa ghafla akielekea dirishani, na mwenzake ataiona mboni ikijibana. Mlango unajibana kwa sababu kuna kinachoingia.

Kuhusu vivuli sitasema mengi. Chomekeni kijiti uwanjani, mpime kivuli kila saa. Daftari la darasa lenyewe litawagawia zamu: Kipkoech na Chepkoech, waliozaliwa alfajiri, waanze, Kibet na Chebet, waliozaliwa mchana, wafuate, Kiprono na Cherono, waliozaliwa mifugo ikirudi, wamalize. Watagundua kwamba kivuli kifupi kuliko vyote hakiji saa sita kamili. Hapa kwetu huja baadaye, kati ya saa sita na dakika ishirini na kama saa saba kasoro dakika saba, kutegemea mwezi, kwa sababu saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa jua la mahali palipo mashariki zaidi yetu. Karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba, kivuli cha saa hiyo karibu kitoweke chini ya kijiti.

Upinde wa mvua nao ni zawadi ya mahali hapa. Upepo wa Ziwa Viktoria hupanda mlima mchana, mawingu hujengeka, na mvua, mara nyingi ya mawe, huanguka kwenye mashamba ya chai huku sisi wa chini kwenye miwa tukiwa bado na jua. Jua liko magharibi, upande wa ziwa. Mvua iko mashariki, upande wa Kericho. Aliyesimama Soin akilipa jua mgongo amewekwa pale pale anapotakiwa. Upinde hujitokeza kwa nyuzi 42 kuzunguka kivuli cha kichwa cha mtazamaji, kwa hiyo kwenye uwanja tambarare hauonekani jua likiwa juu kuliko nyuzi hizo. Mtoto aanze kuutafuta karibu saa kumi alasiri, asijisumbue saa saba. Kila tone hupokea mwanga, huupinda, huurudisha kutoka ukuta wake wa nyuma na kuupinda tena ukitoka, rangi kila moja kwa pembe yake. Tone moja humfikishia mtoto wekundu. Lililo chini yake humfikishia njano. Rafiki aliyesimama pembeni anapokea kutoka matone mengine, na upinde wake ni mwingine. Mwulizeni mtoto mshale unakwenda wapi, na sasa atawajibu kabla hamjamaliza kuuliza.

Nimebakiza jambo linaloniuma kuliko yote. Ikiwa kuona ni kupokea, basi kuna mtoto darasani ambaye mapokezi yake yana kasoro, na hajui. Jicho lake ni refu kidogo kuliko inavyofaa, picha inakusanyika kabla ya kufika kwenye retina, na ubao kwake ni ukungu. Hajawahi kuona vingine, kwa hiyo halalamiki. Ananakili makosa, anaitwa mzembe, anahamia nyuma, anaacha kunyosha mkono. Mtazameni anavyoyafinya macho. Anajitengenezea tundu dogo, lile lile la msumari, ili miale inayotawanyika ipunguzwe na picha inyooke. Mtoto huyo anaijua fizikia ya mwanga kwa mwili wake, na sisi tunamwita mjinga.

Kaunti ya Trans Nzoia walifanya jambo ambalo ningependa tuliige. Dkt. Hillary Rono, daktari wa macho wa Kitale, pamoja na Andrew Bastawrous na wenzao, waliwafundisha walimu wa shule 50 kuwapima watoto wao macho. Matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Katika nusu ya shule, walimu walitumia kadi na wazazi wakapewa barua ya kawaida. Katika nusu nyingine walitumia simu, na wazazi wakaonyeshwa picha ya ulimwengu jinsi mtoto wao anavyouona, kisha wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Kwa barua, watoto 22 katika kila 100 waliotumwa hospitali ndio waliofika. Kwa picha, walifika 54. Mzazi hakukosa upendo. Alikosa kuona asichokiona mtoto.

Kwa hiyo, walimu, choreni herufi E nene yenye urefu wa milimita 17 na nusu, kila mkono wake na kila nafasi katikati ikiwa na milimita tatu na nusu. Pimeni mita sita barazani, penye mwanga mzuri. Mtoto afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, nanyi mgeuze E mara tano, juu, chini, kushoto, kulia, yeye aonyeshe kwa mkono inakotazama. Asipopata angalau nne, mpeni kipande cha kadi chenye tundu la pini achungulie na mrudie. Akiiona sasa, huenda kasoro iko katika kukusanya mwanga, na miwani itamfaa. Asipoiona hata kwa tundu, kuna jambo jingine, na apelekwe upesi zaidi. Tenwek kule Bomet kuna kliniki ya macho, na Sabatia kule Vihiga kuna hospitali nzima ya macho. Wazazi, mwalimu akiwaita, njooni mkatazame ubao kupitia karatasi ya nailoni iliyofifia, mahali anapoketi mtoto wenu, kabla ya kuamua kama kuna nauli. Kadi za E zilizokwisha kupimwa ziko hapa mezani. Kila shule ichukue mbili.